Swichi ya breki hailishi taa peke yake

Taa moja ya breki ikizima, badilisha balbu. Zikizima zote kwa pamoja, ziache balbu kwanza. Angalia fyuzi, kisha inama chini ya usukani uitazame swichi iliyofungwa juu ya pedali ya breki.

Kwenye magari ya zamani umeme wenyewe ulipita ndani ya swichi hiyo: ukikanyaga, unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unafika kwenye balbu. Magari mengi ya sasa hayako hivyo. Swichi hutoa taarifa tu, na kompyuta inayosimamia umeme wa bodi ndiyo inayowasha taa. Swichi nyingi hutoa ishara mbili zinazopingana: pedali ikikanyagwa, moja huja na nyingine hukatika. Zikija zote au zikikosekana zote, kompyuta hujua kuna hitilafu na huwasha taa ya onyo kwenye dashibodi.

Taarifa hiyohiyo inasubiriwa na mifumo mingine ya gari. Bila hiyo, gia ya otomatiki haitoki kwenye P (nafasi ya kuegesha), na gari la kuwasha kwa kitufe haliwaki. Wapo wanaofunguliwa giaboksi nzima, kumbe ugonjwa uko kwenye kiswichi cha bei ndogo. Inauma kuona hivyo.

Ndiyo maana nasisitiza: usimruhusu fundi aunganishe nyaya za swichi moja kwa moja ili "taa ziwake tu". Zitawaka muda wote, gia itaweza kutoka kwenye P bila mguu kwenye breki, na dereva aliye nyuma yako hatajua ni lini umefunga breki kweli.

Kuhusu kuweka LED badala ya balbu za breki za kawaida, faida yake ni ya kweli. Balbu ya waya huchelewa kama sekunde 0.2 kufikia mwanga wake. LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita 5. Lakini gari linalokagua balbu kwa kupima umeme zinaotumia litaonyesha kuwa balbu imeungua, kwa sababu LED hutumia umeme kidogo mno.

Kupima ni rahisi. Jioni, rudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta, kanyaga breki, tazama mwanga kupitia vioo. Achia pedali: mwanga wa breki ukibaki, swichi imekwama au imelegea mahali pake.