Korongo wa Kamianka na fidla iliyofungwa sauti

Okestra inapopanga katika onyesho moja Konseto ya Fidla ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, yaani kazi ya mpigaji fidla mmoja akisindikizwa na okestra, na Simfoni yake ya Pili, wengi huja kwa ajili ya konseto, na simfoni huichukulia kuwa nyongeza. Mimi niliyezipiga zote mbili nikiwa katika safu ya fidla za pili naona kwamba simfoni ndiyo inayohitaji kuelezwa.

Tchaikovsky aliianza mwaka 1872 alipokuwa Kamianka, Ukraine, nyumbani kwa dada yake, akaitilia nyimbo za wenyeji. Ilibandikwa jina la "Urusi Ndogo", kama dola ya Kirusi ilivyoiita Ukraine. Siku hizi wapo wanaoiita Simfoni ya Kiukraine, nami naafiki. Sehemu ya mwisho imejengwa juu ya wimbo wa korongo aliyezoea kuvamia shamba la katani (ile ya jamii ya bangi, si mkonge) la akina mama, na mtunzi mwenyewe alisema kwamba sifa zake zimwendee mhudumu mzee wa nyumba ile, ambaye ndiye aliyekuwa akiuimba.

Wimbo wenyewe ni mfupi mno. Badala ya kuurefusha, Tchaikovsky anaurudia karibu ulivyo huku akibadilisha kinachopita chini na kandokando yake, mbinu aliyoichukua kwa Glinka, mtunzi Mrusi aliyemtangulia, hivyo anayefuata wimbo peke yake atachoka upesi, ilhali anayetegea sikio sauti za chini atasikia kila mara jambo jipya. Kwetu wapigaji, marudio hayo ni mtihani, kwani ni rahisi kupoteza hesabu. Binafsi nimewahi kuokolewa na pigo moja la upatu mkubwa linalosikika kabla ya mbio za mwisho.

Konseto, iliyoandikwa Clarens, Uswisi, mwaka 1878, inadai kinyume chake: okestra inyenyekee. Mpigaji fidla Leopold Auer, aliyekusudiwa kuipiga kwanza, alikataa, na hatimaye mwenzake Adolf Brodsky akaipiga Vienna mwaka 1881. Katika sehemu ya pili mpigaji huyo mkuu wa fidla huweka juu ya daraja la nyuzi kibanio kidogo kinachofifisha sauti, na fidla huimba kana kwamba iko chumba cha pili. Sehemu ya tatu haingoji: okestra inalipuka ghafla, na katika kishindo hicho, ukimtazama mkono badala ya uso, utamwona akikichomoa kibanio kabla zamu yake haijafika.