Uwezo wa malisho: maana yake na jinsi ya kuupima kwenye nyanda za Usangu

Uwezo wa malisho ni kiasi cha mifugo ambacho eneo linaweza kulisha mwaka hadi mwaka bila nyasi zake kudhoofika wala udongo kubaki wazi. Uzito wa maana hii uko kwenye "mwaka hadi mwaka". Mvua ikiwa nzuri, mbuga ya Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, inaweza kushibisha kundi maradufu kwa msimu mmoja, na anayeitazama Machi, nyasi zikiwa zimefika magotini, atakataa kabisa kwamba imezidiwa. Arudi Oktoba.

Idadi ya mifugo iliyopo ni jambo jingine. Hiyo unaipata kwa kuhesabu zizini. Uwezo wa malisho unaupata kwa kupima nyasi.

Kwa nini pawe na kikomo? Kwa sababu jani ndilo linalolisha mzizi. Franklin Crider, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 1955 matokeo ya kukata nyasi kwa viwango mbalimbali. Alipoondoa asilimia 50 ya majani, ni asilimia 2 hadi 4 tu ya mizizi iliyoacha kukua. Alipoondoa asilimia 80, mizizi yote ilisimama kwa siku 12. Kati ya nusu na robo tatu ndipo nyasi inapovunjika mgongo, ingawa juu bado inaonekana ya kawaida. Ndiyo maana wataalamu wa malisho husisitiza kula nusu na kuacha nusu. Na hata hiyo nusu ya kuliwa haifiki yote mdomoni: nyingine hukanyagwa, nyingine huchafuliwa na samadi, nyingine huchukuliwa na mchwa. Kwa hesabu ya tahadhari, tumia asilimia 30 ya nyasi zote.

Kipimo hufanywa mwishoni mwa mvua, kwa Usangu ni Mei, nyasi zikiwa zimemaliza kukua. Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1, ya mbao au nondo. Tembea kwa mstari ulionyooka na uiweke chini kila baada ya hatua 50, popote itakapoangukia, hata kama ni kwenye kipara. Kosa kubwa kuliko yote hufanyika hapa: mpimaji hukwepa vipara na kuchagua palipostawi, na kikomo cha kijiji kizima kinapanda kwa uongo. Kata kwa mundu, ukiacha sentimita 2 hadi 3 kutoka ardhini. Toa magugu na nyasi ambazo ng'ombe hawali. Zinazobaki zianike kivulini, uzigeuze, upime tena na tena hadi uzito usibadilike. Nyasi mbichi changa huweza kuwa na maji robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kupima mbichi ni kuhesabu maji kama chakula. Fremu 20 ni mwanzo mzuri kwa eneo linalofanana. Wastani wa gramu kwa fremu, zidisha kwa 10, unapata kilo kwa hekta.

Tuchukue mfano wa eneo la hekta 900, ambapo hekta 150 ziko mbali mno na maji. Hizo ziondoe, nyasi isiyofikiwa si malisho. Zinabaki 750. Fremu zimetoa wastani wa gramu 180, yaani kilo 1,800 kwa hekta, jumla kilo 1,350,000. Asilimia 30 ni kilo 405,000.

Upande wa mifugo, kipimo ni uniti moja ya mifugo, yaani mnyama wa kilo 250. Huyu hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, kilo 6.25 za nyasi kavu, sawa na kilo 2,281 kwa mwaka. Gawanya: eneo linabeba uniti 177. Ng'ombe wa asili huhesabiwa 0.7, ukiwa ni wastani wa kundi lote pamoja na ndama, na mbuzi au kondoo 0.1. Uniti 177 basi ni ng'ombe 200 na mbuzi 370. Ng'ombe wa maziwa wa Kitulo au Rungwe mwenye kilo 500 ni uniti mbili kamili, kwa hiyo kuhesabu vichwa bila uzito kunadanganya.

Hesabu hii ni ya eneo linalochungwa mwaka mzima, na Usangu haikuzoea hivyo. Wafugaji walikaa mbugani wakati wa mvua, kiangazi wakashuka Ihefu, eneo oevu la bonde hilo, kwenye majani mabichi. Mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa, ikachukua Pori la Akiba Usangu pamoja na Ihefu. Ardhi iliyobaki haikupungua nyasi siku hiyo, lakini sasa ilitakiwa kulisha miezi 12. Mpango wa matumizi ya ardhi usiouliza "kwa miezi mingapi?" haujapima chochote. Mabua ya mpunga baada ya mavuno yana nafasi yake pia. Yapimwe na kuongezwa kama chakula cha miezi yake tu.

Eneo likizidiwa, dalili hutangulia njaa. Tazama shina moja la Themeda triandra, nyasi inayopendwa na ng'ombe na ambayo hupata rangi nyekundunyekundu ikikomaa. Kwanza hukosa masuke, kisha shina hupungua upana, kisha kati ya shina na shina panabaki udongo mtupu. Nafasi hiyo hushikwa na jamii ya Aristida, nyembamba, yenye mbegu za miiba mitatu zinazonasa kwenye nguo na manyoya. Ukiona hivyo, kikomo cha mwaka jana hakifai tena, pima upya.

Kundi likizidi kikomo, uamuzi wa kupunguza ufanywe Juni, siyo Oktoba. Juni ng'ombe bado ana mwili na mnadani atapata bei, na nyasi ambazo angekula kwa miezi mitano zinabaki kwa mitamba na ndama.