Maili za Ndege na Pointi za Hoteli: Idadi Hailinganishwi

Nimeyasikia mara nyingi mno, hasa kwa vijana walioanza karibuni safari za kikazi: "Nina maili 25,000 na pointi 60,000, kwa hiyo hoteli ndiyo inayonilipa." Hesabu hiyo si sahihi, na inawafanya watu wapuuze kilicho chao.

Maana yenyewe ni fupi. Maili ni alama ambazo shirika la ndege humpa abiria mwanachama. Pointi ni alama ambazo kampuni ya hoteli humpa mgeni wake. Zote huingia kwenye akaunti yenye jina lako, na baadaye hugeuzwa tiketi au usiku wa kulala. Kujiunga ni bure.

Shida inaanzia kwenye maili. Marekani ilipoacha kupanga nauli na njia za ndege mwaka 1978, mashirika yalianza kugombea abiria, na tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage, mpango wake wa maili. Shirika la United likafuata mwezi huohuo. Wakati ule maili ilikuwa maili kweli: unaandikiwa umbali uliosafiri. Mwaka 2015 mashirika ya Delta na United yakahamia kwenye kuhesabu nauli iliyolipwa badala ya umbali, na American ikafanya hivyo mwaka uliofuata. Delta ilianza kwa kumpa mwanachama wa kawaida maili 5 kwa kila dola, kwa hiyo nauli ya dola 400 ilileta maili 2,000, uende karibu au uende mbali. Hata pale umbali unapohesabiwa, tazama ile herufi ya daraja la nauli kwenye tiketi yako. Y kwa kawaida ni nauli kamili ya daraja la kawaida. Herufi za nauli za bei ya chini huleta nusu, robo, au pengine sifuri. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa, wakashuka na maili zisizokaribiana kabisa.

Pointi nazo hazilingani hata zenyewe kwa zenyewe. Hilton hutoa pointi 10 kwa dola katika hoteli zake nyingi, Hyatt hutoa 5. Lakini Hilton pia hudai pointi nyingi zaidi kwa usiku mmoja, hivyo usidhani inakupa maradufu. Marriott hukuruhusu kuhamishia pointi kwenye shirika la ndege, na kwa mashirika mengi pointi 3 huwa maili 1. Ukihamisha 60,000 kwa mkupuo unapata 20,000, na kwa mengi yao unaongezewa 5,000. Jumla 25,000. Kwa hiyo yule mwenye pointi 60,000 na maili 25,000 huenda ana akiba ileile pande zote mbili.

Jambo zito zaidi kwa kijana wa kwetu ni nani analipa. Tiketi hununuliwa na ofisi, mara nyingi kupitia wakala, lakini maili ni za aliyesafiri, mradi namba yake ya uanachama iwekwe na jina lifanane na la pasipoti. Hoteli iko tofauti. Ofisi ikikuwekea chumba kupitia Booking.com au Expedia, Marriott, Hilton na Hyatt kwa kawaida hazikupi pointi za chumba hicho. Ukipewa posho ya kujikimu mkononi, kila usiku unaolala Hyatt Regency Dar es Salaam badala ya gesti ya Sinza unatoka mfukoni mwako. Na safari zikiwa za Tabora na Songea, hoteli za kampuni hizo hazipo kabisa. Mtu wa namna hiyo ashike maili.

Ila kama ofisi inalipa hoteli yenyewe, na kazi inakurudisha Kigali au Dubai kila mara, pointi zina nguvu. Usiku wa pointi haulipiwi chumba, ilhali tiketi ya maili bado ina kodi na tozo. Marriott, ukitumia pointi kwa usiku 5 mfululizo, usiku mmoja ni bure. Pointi zake hufutwa baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, kwa hiyo kulala mara moja tu kunazihuisha. Maili za Emirates, kwa mwanachama wa kawaida, hudumu miaka 3 hata kama unasafiri kila mwezi.

Kuna na hili la hadhi, yaani daraja la uanachama. Wapo wanaozuia maili zao wakiogopa kwamba wakizitumia watashushwa kutoka daraja la Silver. Emirates, katika mpango wake wa Skywards, ina hesabu mbili: Skywards Miles za kutumia, na Tier Miles za kupandia daraja. Kununua tiketi kwa zile za kwanza hakupunguzi hizi za pili hata kidogo. Ukimsikia mwenzako akiogopa hivyo, mwonyeshe hesabu hizo mbili kwenye akaunti yake mwenyewe.