Filamu ya shabiki si filamu ya bei poa

Juzi tena. Kibandani wanaangalia sinema ya Bongo ya mizimu, damu ya juisi ya rozela imemwagikia kola ya marehemu, jamaa mmoja anacheka: "Hii si ndiyo filamu ya mashabiki!" Hapana. Ile ilitengenezwa iuzwe.

Filamu ya shabiki ni ile ambayo wapenzi wa kazi ya mtu mwingine wanaitengeneza kwa hela zao za mfukoni, bila kufuata faida. Basi.

Kinachonikera ni kwamba neno zuri tunalo, tumewaachia wanamasumbwi. Ngumi za ridhaa, ngumi za kulipwa: kila msikiliza redio anajua tofauti, na hakuna anayedhani bondia wa ridhaa ni yule mwenye glavu zilizochanika. Ridhaa imetoka Kiarabuni, kuridhia, kukubali kwa moyo. Kwenye filamu ingefaa mara mbili, maana ridhaa zinazotakiwa ni mbili: ya anayefanya kazi bila malipo, na ya mwenye hadithi.

Stephen King, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, kwa miaka mingi aliwaachia wanafunzi wa filamu hadithi zake fupi kwa dola 1, mradi wasiuze na wamletee nakala. Mwongozaji Frank Darabont alipita mlango huo, filamu yake ikatoka 1983. Mwaka 1994 akaongoza The Shawshank Redemption, kutoka hadithi nyingine ya King, hiyo sasa ya kulipwa. Filamu ya Nosferatu ya 1922 je? Wajerumani waliibeba Dracula, riwaya ya Bram Stoker, bila kubisha hodi, wakabadili majina, wakakata tiketi. Mjane wa Stoker akashitaki, mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Pale hapakuwa na ridhaa hata moja.

Halafu kuna The Call of Cthulhu ya 2005, kazi ya wapenzi wa mwandishi wa hadithi za kutisha H. P. Lovecraft, kutoka hadithi yake iliyochapishwa 1928. Nyeusi na nyeupe, bubu, zimwi lenyewe sanamu linalosogezwa kidogo kidogo, picha kwa picha. Ufukara unauona ukikodoa macho. Lakini ububu ule waliuchagua: walitaka ifanane na sinema za enzi hadithi ilipoandikwa. (DVD waliuza, najua. Tutabishana siku nyingine.)

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kibandani, ile ya rozela iite ya bei poa, hata mbovu ukipenda. Ushabiki haumo.