Kustahimili na kunyamaza

Jumamosi iliyopita kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Masasi, mama mmoja alisema mumewe ameondoka, kamwachia watoto wanne na deni la pembejeo. Mgeni tuliyemwalika atupe nasaha akamjibu: "Stahimili, mama. Kaa kimya, yatapita." Watu wakapiga makofi. Mimi nikashika tama.

Ustahimilivu ni uwezo wa kubeba pigo la maisha, liwe msiba, talaka au hasara, na bado ukasonga mbele. Maana ndiyo hiyo tu. Tabu ni kwamba tumeuchanganya na uvumilivu. Mvumilivu hungoja, ndiyo maana hula mbivu: embe huiva lenyewe. Stahimili lina asili nyingine. Waliopita madrasa watautambua mzizi wake wa Kiarabu: ha, mim, lam, yaani kubeba. Humo ametoka hamali, humo umetoka na mhimili unaoshikilia paa.

Basi mtazame hamali kwenye ghala la korosho msimu ukishaanza, Oktoba. Gunia lina kilo 80 na halinyanyui peke yake, wenzake humtwisha. Anaguna, anaimba, siku nyingine anatukana kidogo. Anajua anakolipeleka, na akifika analitua. Sijawahi kuona hamali aliyeambiwa asimame na gunia begani mpaka jioni, tena kimya.

Bwana shamba akituletea mbegu inayostahimili ukame, hakuna anayedhani ni mbegu pole. Tunaelewa kwamba mizizi yake inajua kutafuta maji. Na mkorosho mzee ukikatwa, kisiki kikachipua, machipukizi yale huungwa vikonyo, yaani vijitawi vichanga, vya mkorosho bora. Kazi hiyo wakulima wanaiita kubebesha. Sijui kama waliowahi kuipa jina walifikiria Kiarabu, lakini mimi hufurahi kila nikilisikia. Kisiki kinabeba, ndiyo, ila kuna mtu aliyekuja na kisu na vikonyo.

Mgeni wetu alikuwa na nia njema na sina ugomvi naye. Akirudi, neno lake alitumie tu, ni zuri. Ila kabla ya kumwambia mama yule astahimili, amuulize deni ni shilingi ngapi, na sisi tuliopiga makofi atuulize nani anakuja kumtwisha.