Sumu ya risasi baada ya kiwanda kufungwa: maswali na majibu kwa wazazi

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ukuta kwa ukuta na kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, chenye watu wapatao 3,000. Kilifungwa mwaka 2014. Maswali haya ndiyo wazazi wanaoishi karibu na maeneo ya namna hiyo hutuuliza kliniki. Mengine huulizwa wakati tumeshachelewa.

Risasi ni nini, na humwingiaje mtoto?

Ni madini mazito yanayopatikana ndani ya betri za magari. Hayaozi na hayaishi kwa kuungua. Yalitoka kiwandani kwa moshi na maji machafu, yakatua kwenye mabati, uani na mitaroni. Mtoto huyala bila kujua: anatambaa, anatia vidole kinywani, anaokota embe lililoanguka na kuling'ata hapo hapo. Tumbo la mtoto mdogo linaweza kufyonza karibu nusu ya risasi aliyoimeza, ilhali la mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja kwa kumi. Kutoka kwenye damu huhamia mifupani na kukaa huko miaka mingi. Mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Kiwanda kimefungwa zamani. Hatari si imekwisha?

La. Kilichofungwa ni lango. Watoto wa Owino Uhuru walipimwa damu baada ya kiwanda kusimama, na 45 kati ya kila 100 walikuwa na mikrogramu 5 za risasi au zaidi katika kila desilita ya damu. Katika mtaa wa Bangladesh, papo hapo Mombasa, uliopimwa kwa kulinganisha, walikuwa 15 kati ya 100. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo cha sumu kitafutwe na kuondolewa damu ikifika kiwango hicho cha 5, na linasema hakuna kiwango kilicho salama.

Mtoto wangu anakula, anacheza, hana homa. Nimpime kwa nini?

Mpime akiwa hivyo hivyo, anakula na anacheza. Risasi hufanya kazi yake kimya. Kati ya mwisho wa 2007 na mapema 2008, watoto 18 walikufa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, mahali ambapo watu walikuwa wakichekecha udongo wa betri ili kupata risasi. Ndugu zao, mama zao na majirani wakapimwa. Watu 81 walichunguzwa, na wote 81 walikuwa na sumu hiyo. Basi tafadhali, mama, usiniambie "lakini anaonekana mzima". Kuonekana si kipimo.

Dalili ni zipi?

Tumbo kukata, choo kigumu, kupungukiwa damu, hasira zisizo na sababu, kusahau alichofundishwa jana. Baadaye kutapika mfululizo, degedege, kupoteza fahamu. Akifika kwenye degedege, ubongo umeshaumia, na mara nyingi kilichopotea hakirudi. Ndiyo maana hatutaki mtu asubiri dalili.

Akishikwa na dege, nianzie kwa mganga?

Hapana. Mlaze ubavu, usimtie kijiko kinywani, usimfukize, mpeleke hospitali saa ile ile. Mganga akitaka kumwombea, amwombee akiwa wodini. Tena mwambie daktari mnaishi wapi na mlango wa pili pana nini. Usiposema, atapima malaria, atatibu malaria, na risasi itabaki palepale.

Nampa maziwa kila siku. Si huondoa sumu?

Hapana. Maziwa hayaondoi risasi iliyo kwenye damu wala mifupani. Wala mkaa, wala mafuta, wala maji ya nazi. Mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu na madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo maziwa, dagaa, maharagwe na mchicha ni chakula kizuri, mpe. Ila usimpe glasi ya maziwa kisha ukafuta siku ya kliniki. Hilo tunaliona mno, na linatuudhi.

Anapimwaje?

Kwa damu ya mshipa, na ni kipimo cha kuomba kwa jina: risasi kwenye damu. Kipimo cha malaria au cha wingi wa damu hakiwezi kuionyesha. Akitobolewa kidole kisichooshwa vizuri, vumbi la kidoleni huharibu majibu.

Kuna dawa. Si apewe tu turudi nyumbani?

Dawa ya kuvuta risasi ipo, na kwa mtoto huhitajika kiwango kikifika mikrogramu 45 kwa desilita. Hutolewa chini ya uangalizi. Lakini kumrudisha kwenye uwanja uleule ni kufuta maji huku bomba liko wazi. Mwaka 2010, Zamfara kule Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikataa kuanza dawa kwa watoto ambao nyumba zao hazijasafishwa. Kijiji cha Bagega, huko huko Zamfara, kilingoja usafishaji hadi 2013.

Kusafisha kwenyewe kukoje?

Udongo hupimwa, tabaka la juu huchotwa likazikwa kwenye shimo lililozibwa lisivuje, kisha hutandazwa udongo safi. Nyumba hufutwa kwa maji, mabati na kuta pia. Wafanyakazi huvaa barakoa na nguo wasizokwenda nazo nyumbani. Vijana wa mtaa na majembe yao wasithubutu, watalipeperusha vumbi lote upya. Na mabaki meusi ya kiwandani yasitumiwe kujaza mashimo ya barabara!

Kuhusu Owino Uhuru, baada ya kesi iliyosukumwa na Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, mahakama ya Mombasa iliamuru mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe ndani ya miezi 4. Fidia ikatenguliwa kwenye rufaa 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe mtoto aliyezaliwa 2020 alikuwa ameshafika darasa gani.

Basi nifanye nini leo?

Piga deki, usifagie kavu. Mnawishe mtoto kabla ya kila mlo. Viatu vibaki nje. Usikinge maji ya mvua kwenye mabati yaliyopokea moshi ule. Mjamzito aache kula udongo, hata ule wa kununua. Betri isivunjwe uani hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu anatoa bei nzuri.

Nisubiri watu wa serikali waje kutupima?

Hapana. Mlete kliniki wiki hii, na ndugu zake wote, hata yule anayeonekana mzima.