Ruzuku ya usalama wa bandari si boti za bure

Mtu anaweza kudhani kwamba serikali kuu ya Marekani huwagawia polisi wa miji ya bandari boti na kamera bure. Sivyo. Ruzuku ya usalama wa bandari, ambayo hutumika kununulia vifaa hivyo, iliyoanzishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 na ambayo sasa husimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, hushindaniwa, na maombi hupitiwa na Walinzi wa Pwani wa bandari husika. Idara ya polisi inayoomba boti ya dola 400,000 kwa kawaida huchangia robo, yaani dola 100,000 kutoka bajeti ya mji, jambo ambalo madiwani hulijua vizuri. Huenda watu huichanganya na mpango wa Wizara ya Ulinzi wa kugawa vifaa vya ziada vya jeshi, ambao nao huwaachia polisi gharama za usafirishaji.